Kazi ya kuokota plastiki iwe kazi kweli: mwongozo kamili kwa vikundi na wenye yadi ndogo

Siku hizi kila kona ni ajira za kijani, semina, mabango, vijana wamepigwa picha na miche mkononi, lakini huku mtaani kwetu ajira ya kijani kubwa na ya siku nyingi ni ya yule mama anayetoka alfajiri na kiroba mgongoni kuokota chupa, maana yeye ndo anazuia plastiki zisijae kwenye mitaro na kwenye mto Msimbazi. Halafu yeye huyohuyo hana glovu, hana bima, mzani unampunja, na siku akichomwa sindano ni yeye na Mungu wake. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lenyewe linasema kazi haiwi ya kijani kwa sababu tu inasafisha mazingira, lazima iwe kazi yenye staha pia, yaani kipato cha haki, usalama, na mtu asibaguliwe.

Huu mwongozo ni wa kikundi au mwenye yadi ya watu kama 10 mpaka 40, wanaookota, wanachambua na kuuza. Nimeandika nikiwa na Dar kichwani na sheria za Tanzania, ila mambo ya mwili na mzani ni yaleyale popote. Na niseme mapema msimamo wangu: hela ya kwanza mkiipata, iwe mkopo au msaada, isiende kwenye mashine. Iende kwa mtu aliyepo tayari kazini. Nimeona yadi nyingi zimenunua krasha (mashine ya kusaga plastiki) ya mamilioni huku wachambuaji hawana hata choo, na hazidumu, watu wanaondoka mmojammoja hadi mashine inakosa mzigo.

Hatua ya 1: Jueni nani yupo tayari

Kabla hamjatangaza nafasi zozote, zungukeni wiki moja muone nani anaokota wapi, saa ngapi, anamuuzia nani. Nendeni dampo (kwa Dar ni Pugu Kinyamwezi), nendeni masokoni, stendi, ufukweni, kwenye baa asubuhi. Kuna wanaozunguka na guta, kuna wanaotembea kwa miguu, kuna wanaochambua tu nyumbani na watoto wao wanasaidia. Andikeni kwenye daftari: jina analopenda kuitwa, eneo lake, anapata kilo ngapi siku nzuri na siku mbaya, anaumwa nini mara kwa mara, ana kitambulisho au hana.

Hii hatua watu wanairuka na hapo ndo balaa linapoanzia, kwa sababu mradi mpya ukija na vijana wapya wenye reflekta na kuwapa mitaa, wale wa zamani wanafukuzwa kwenye riziki yao bila mtu hata kujua. Kila mwokotaji mliyemkuta awe wa kwanza kupewa nafasi, na eneo lake liheshimiwe. Kama hataki kujiunga sawa, anunuliwe mzigo kwa bei ileile ya wanachama.

Hatua ya 2: Mzani

Naanza na mzani kabla ya glovu makusudi. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu kama 12 mpaka 20 tu, kwa hiyo kilo moja ni chupa kati ya 50 na 80, ameinama mara zote hizo chini ya jua. Sasa mzani ukipunja robo kilo kwenye kila kiroba umemla mtu chupa 12 mpaka 20 alizoinamia, na kama analeta viroba vinne kwa siku piga mwenyewe. Mtu anayepunjwa hawezi kununua buti, hawezi kupumzika akiumwa, na anajikuta anaingia sehemu za hatari ili afidie.

Fanyeni hivi. Mzani uhakikiwe na Wakala wa Vipimo, WMA, kila mwaka, na stika iwe inaonekana na kila anayeleta mzigo. Mzani ukae sehemu ambayo mwokotaji anaona namba kwa macho yake, sio mpimaji amegeuza upande wake. Wekeni jiwe au dumu la maji lenye uzito mnaoujua, lita 10 za maji ni kilo 10 ukiondoa uzito wa dumu lenyewe, ili yeyote mwenye wasiwasi alipandishe aone. Kiroba kikiwa na maji au mchanga kata kwa makubaliano yaliyoandikwa ukutani, sio kwa macho ya mpimaji na hasira zake za siku hiyo. Na acheni kabisa kununua kwa kiroba, maana hapo ni lumbesa tu, mtu anashindilia mpaka mdomo unafumuka halafu analipwa bei ya kiroba kimoja.

Kila mauzo yaandikwe sehemu mbili, daftari la yadi na kijikadi cha mwokotaji. Asiyejua kusoma awekewe alama, duara moja kilo tano kwa mfano, bora aelewe kadi yake mwenyewe. Hela ilipwe siku hiyohiyo, kwa simu au mkononi, anavyotaka yeye. Anayechelewesha malipo anawarudisha watu kwa madalali, huo ndo ukweli.

Hatua ya 3: Mwili

Hapa ndo pana mambo mengi kwa hiyo tulieni.

Glovu za kitambaa hazizuii sindano wala chupa iliyovunjika, tafuteni zile nzito zenye mpira kwenye kiganja, na bado msiziamini asilimia mia. Kinachookoa mkono zaidi ni kutokuingiza mkono kabisa: fimbo yenye ndoano, au chuma cha nondo kilichopindwa mbele, kinatengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea. Kiroba kisichojulikana kina nini kinamwagwa chini kwenye turubai ndo kinachambuliwa, usizamishe mkono ndani. Viatu ni gambuti au buti zenye soli ngumu, kandambili zinatoboka na msumari kama karatasi. Na vifaa viwe saizi ya mtu, maana huwa yanaletwa magambuti namba 10 wakati nusu ya kikundi ni akina mama wa namba 5, wanayaacha stoo halafu lawama zinakuja kwao kwamba hawataki kujikinga.

Sindano zinatokea, hasa taka za karibu na zahanati na maduka ya dawa. Wekeni dumu gumu la lita 5 lenye mfuniko, lichorwe rangi nyekundu, ukikuta sindano unaishika kwa koleo unadumbukiza humo, likifika robo tatu linapelekwa kituo cha afya. Ongeeni na mganga mfawidhi mapema, msisubiri siku mmebeba dumu mkononi. Mtu akichomwa: aoshe kwa maji mengi na sabuni, asikamue wala asinyonye jeraha, na aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema ndo bora zaidi, zinamezwa siku 28. Hii habari iandikwe ukutani kwa herufi kubwa pamoja na jina la kituo cha karibu na namba ya bodaboda wa kikundi, kwa sababu wengi wanaficha, wanaona aibu, wanasema nitaenda kesho.

Chanjo mbili msiziache, pepopunda na homa ya ini B. Ya homa ya ini ni dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, na watu wengi wanaishia ya kwanza, sasa katibu awe na orodha anawakumbusha na kikundi kilipie nauli.

Dampo lina hatari yake. Lori likifika watu wanakimbilia nyuma yake ili wawahi, dereva hawaoni, anarudi nyuma au anamwaga mzigo juu yao. Mkubaliane sheria moja isiyo na mjadala: hakuna anayesogea mpaka lori limemwaga, limeshusha bodi na limeondoka. Na ili hiyo sheria ishike lazima muondoe sababu ya kukimbilia, yaani mzigo wa lori mgawane kwa zamu, leo hawa kesho wale. Bila zamu mtapiga filimbi mpaka mchoke, mtu mwenye njaa atakimbia tu. Sehemu inayofuka moshi msipande juu yake, chini taka zinaungua na zinaweza kudidimia na mtu.

Jua la Dar nalo ni hatari ya kazi kama hatari nyingine. Kazi ya kutembea ianze alfajiri, mchana watu wawe kivulini wanachambua, maji safi ya kunywa yawepo bure. Banda la kuchambulia likiwa na bati tupu linakuwa oveni, wekeni makuti juu au acheni nafasi hewa ipite. Kingine, kiroba cha chupa ni chepesi ila kikubwa, kinamziba mtu asione gari, kwa hiyo wanaotembea barabarani alfajiri wavae reflekta na guta lipakwe au libandikwe vipande vinavyong'aa nyuma na ubavuni.

Choo na maji ya kunawa na sabuni kabla ya kula. Sina maneno mengi hapo, bila hivyo hamna yadi.

Hatua ya 4: Mashine, kama mnazo

Krasha na presi ya marobota zinakata vidole vya watu wanaotaka kutoa kitu kilichokwama bila kuzima. Kabla ya kuingiza mkono swichi kuu inazimwa, na anayeingiza mkono anakaa na ufunguo au fyuzi mfukoni mwake mwenyewe, hamna cha "nishikie swichi". Mkanda na puli zifunikwe na wavu wa chuma. Khanga, ushungi mrefu, rasta na sweta zenye mikono mipana ni marufuku karibu na mkanda, badala yake kikundi kinunue ovaroli na kofia ya kufunga nywele, ili dada asilazimishwe kuchagua kati ya stara na vidole vyake. Mnaoosha kwa kostiki soda ya moto kutoa lebo na gundi, miwani ya kufunika macho yote, glovu ndefu za mpira, na siku zote soda inamwagwa kwenye maji, sio maji kwenye soda, inachemka na kurukia usoni.

Dondoo ya kuchambua wakati tuko hapa: chupa ya maji ni PET, namba 1 chini yake, vizibo ni plastiki nyingine. Vikisagwa pamoja mkatumbukiza kwenye pipa la maji, PET inazama na vizibo vinaelea, mnavikusanya juu kwa chujio. Hiyo inawapunguzia wachambuaji saa nyingi za kubandua vizibo kimojakimoja, na mabega yao yanapona.

Hatua ya 5: Vitu ambavyo hamnunui

Bandikeni orodha. Betri za gari na za sola zilizopasuliwa, hapana, mle kuna risasi na asidi, na vumbi la risasi linarudi nyumbani na nguo linaathiri ubongo wa watoto. Waya zilizochomwa ili kupata shaba, hapana, mkinunua shaba iliyoungua mnalipia moshi aliovuta kijana wa watu, nunueni iliyochunwa na mlipe zaidi kidogo. Chupa za dawa za mashambani, dripu na mipira ya hospitali, taa za mrija zilizovunjika, hapana. Na plastiki isiyo na soko isichomwe nyuma ya yadi, ni mapafu ya watu wenu wenyewe.

Na hamnunui kwa watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema umri wa kuanza kazi ni miaka 14 na kazi za hatari mpaka 18, na dampo ni hatari. Mtoto akileta chupa msimfukuze kwa matusi, mtafuteni mzazi au mlezi, mara nyingi mtakuta ni bibi anayeumwa au mama ambaye angeweza kuja kuchambua yadi mwenyewe. Ikiwa mtoto hana mtu, ustawi wa jamii wa kata au namba 116, simu ni bure.

Hatua ya 6: Fungueni mlango kweli

Watu wanasema "sisi hatubagui" halafu yadi ina ngazi tatu mlangoni, meza hakuna watu wanachuchumaa siku nzima, mikutano saa moja usiku.

Mwenye ulemavu wa viungo anachambua vizuri kabisa mkimpa meza. Meza iwe urefu wa sentimita kama 75 mpaka 80, chini pawe wazi magoti au kiti mwendo viingie, na mkishaiweka mtashangaa hata wazima wanaikimbilia maana migongo inapona. Mlango upana wa sentimita 90. Mteremko badala ya ngazi: kila sentimita 10 za kupanda weka sentimita 120 za urefu, ukifupisha mtu anarudi kinyumenyume. Kwa viziwi, kengele ya hatari iwe na taa au bendera, na wenzao wajifunze ishara chache za kazi, simama, hatari, zima, lori. Wenye ualbino wapangiwe kazi za kivulini, wakitoka iwe asubuhi mapema au jioni, kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yawe kwenye bajeti ya vifaa sawasawa na glovu, kwa sababu kwao ni kifaa cha usalama. Kampuni yenye wafanyakazi 20 na zaidi inatakiwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iwe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu, wanunuzi wenu wakubwa wakumbusheni.

Akina mama. Mikutano iwe mchana mzigo ukishapimwa. Wanaonyonyesha wapate chumba au kona safi mbali na taka, na mwangalizi wa watoto alipwe na kikundi, kwa zamu au mtu maalum. Mjamzito asibebe viroba, asiguse mashine ya kuoshea, ahamie kazi ya kadi na mzani bila kupunguziwa mgao. Kwa walioajiriwa sheria ya ajira inatoa likizo ya uzazi siku 84 yenye malipo.

Halafu kuna jambo linazungumzwa chinichini tu, dalali au msimamizi anayetaka mwili ndo apokee mzigo au atoe bei nzuri. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa kwa sheria ya rushwa ya 2007, TAKUKURU namba 113 ni bure. Ndani ya kikundi chagueni wanawake wawili wa kupokea malalamiko, wasiwe ndugu wa mwenyekiti, na mpimaji wa mzani abadilishwe kila mwezi ili mtu asijenge ufalme pale.

Wasio na kitambulisho cha NIDA msiwaache nje. Laini ya simu, benki, mkopo, vyote vinakwama hapo. Kikundi kiwasindikize serikali ya mtaa kupata barua na kuanza maombi, wakati huo walipwe mkononi na kadi ya kikundi iwatambulishe.

Hatua ya 7: Karatasi

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye ndo atawaelekeza usajili wa kikundi na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo mgawo wake ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ombeni vifaa vya usalama ndani ya andiko la mkopo, viandikeni kabisa kama mtaji, kwa sababu visipoandikwa mwanzo havitanunuliwa.

Yadi ikiwa na walioajiriwa, isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na mwajiri anachangia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5 ya mishahara, na hiyo haikatwi kwa mfanyakazi hata senti. Hii ni muhimu mno maana mtu akikatwa kidole mfuko ndo unalipa matibabu na fidia. Tatizo ni kwamba waokotaji wengi hawaajiriwi na mtu, kwa hiyo fidia haiwagusi, na wenye yadi wengine wanatumia hilo kukwepa, wanaita watu "wanachama" huku wanawapangia saa na kuwafokea kama vibarua. Kama unampangia saa za kuingia na kutoka na unamlipa kwa siku, huyo ni mfanyakazi wako, mpe mkataba, saa 45 kwa wiki, za ziada zilipwe mara moja na nusu. Wanaojitegemea kweli wanaweza kujiunga NSSF kama sekta isiyo rasmi wakachangia wenyewe.

Ujuzi nao una karatasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunza kazini, fundi wenu wa krasha au wa kufunga marobota aulizie, cheti kinamtoa mtu.

Hatua ya 8: Hela ya usalama itoke wapi

Itoke kwenye kilo. Tuseme mnauza tani 3 kwa mwezi na mmekubaliana kutenga shilingi 20 kila kilo, ni 60,000 kila mwezi. Sio nyingi lakini inabadilisha glovu zilizochakaa, inalipa nauli za chanjo, na kinachobaki ni mfuko wa dharura. Iwekwe akaunti yake au laini yake, sahihi tatu, isomwe mbele ya wote kila mwezi. Wasilipishwe waokotaji kifaa kimojakimoja, maana anayepata kidogo ndo ataacha kuvaa.

Kisha mkauze kwa hesabu hiyohiyo. Mnunuzi mkubwa akija na bei, msimjibu siku hiyo. Pigeni gharama ya kuokota, kuchambua, usafiri, na ile 20 ya usalama iwe ndani, ndo mjue chini ya bei gani hamuuzi. Unganeni na yadi mbili tatu za jirani, tani 10 zilizochambuliwa safi zina sauti kuliko tani 3. Ombeni mkataba wa maandishi wenye bei ya chini kabisa hata kama soko limeshuka, muda wa kulipa usiozidi wiki, na kipengele kwamba mzigo ukifika kwenye mzani wake utapimwa mwakilishi wenu akiwepo. Akikataa hicho cha mwisho, tafuteni mnunuzi mwingine.